Yidnekatchew Tessema: Kocha aliyeidai kiti cha Afrika

Ukishuka kutoka Bujumbura kwa barabara inayofuata ziwa kuelekea Rumonge, lazima upite Magara. Ni mahali pa mitumbwi, mawese na ndagala, na ni mahali pa mpira pia. Jioni, ndagala wakishaanuliwa, vijana hupanga mawe mawili huku na mawili kule, na gozi linaanza kutimua vumbi. Wazee hukaa pembeni. Wao hawachezi tena, wao wanafundisha, kila mmoja kwa sauti yake.

Mwezi Novemba 2025 mabishano yalikuwa makali kuliko kawaida. Habari zilikuwa zimevuka mpaka kutoka Tanzania kwamba Hemed Suleiman 'Morocco', kocha Mzanzibari aliyeipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka huo, amewekwa kando wiki chache kabla ya fainali zenyewe, na timu amekabidhiwa Miguel Gamondi wa Argentina. Mzee mmoja alisema hiyo ni sawa na kumpa mtu mwingine wavu siku samaki wanapoingia. Alitaka iwekwe sheria: shirikisho lolote likitafuta kocha mkuu, lianze na wazawa. Kijana mmoja muuza mafuta ya mawese akambishia kwamba mpira hauulizi pasipoti, na kwamba huyo mzawa akifungwa mabao matano, mzee huyohuyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kudai aletwe Mzungu. Watu walicheka, lakini swali likabaki pale pale mchangani.

Swali hilo si la Magara peke yake. Huko Marekani, katika ule mpira wao unaochezwa zaidi kwa mikono, ligi ya NFL iliweka mwaka 2003 kanuni inayoitwa kwa jina la Dan Rooney, aliyekuwa mwenye timu ya Pittsburgh Steelers. Kwa kanuni hiyo ilivyowekwa wakati ule, timu ikitaka kocha mkuu ilibidi imwite kwenye usaili angalau mtu mmoja wa jamii zilizo chache. Kanuni hailazimishi kumwajiri, inalazimisha kumsikiliza. Walikuwa na sababu: Fritz Pollard, mtu mweusi, aliwahi kuwa kocha katika ligi hiyo mwaka 1921, na baada yake ilibidi kusubiri hadi mwaka 1989 ndipo Art Shell akapewa timu. Mwezi Januari 2018 chama cha soka cha Uingereza nacho kilitangaza kwamba kitafuata utaratibu wa namna hiyo kwa timu zake za taifa.

Barani Afrika hatuna kanuni kama hiyo kwa makocha. Lakini tulikuwa na mtu aliyeitumia hoja hiyohiyo maisha yake yote, kabla Wamarekani hawajaipa jina. Nilipolitaja jina lake pale Magara hakuna aliyeitika, hata mzee wa wavu. Ndiyo maana naandika habari zake leo.

Yidnekatchew Tessema alizaliwa tarehe 11 Septemba 1921 katika mji wa Jimma, kusini-magharibi mwa Ethiopia. Baba yake, Tessema Eshete, hakuwa mtu wa mpira bali wa maneno na nyimbo. Alikuwa mtunzi na mwimbaji maarufu, miongoni mwa Waethiopia wa kwanza kabisa ambao sauti zao zilirekodiwa kwenye sahani za santuri, huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo kijana alikulia katika nyumba ambamo watu walijua kuzungumza na kusikilizwa. Kipaji hicho kilimsaidia baadaye kuliko mguu wake, na mguu wake haukuwa wa mchezo.

Alikuwa na umri wa miaka 14 tu wakati majeshi ya Mussolini yalipoingia Addis Ababa, mwezi Mei 1936. Mfalme Haile Selassie akakimbilia uhamishoni. Miezi michache nyuma, mwaka 1935, vijana wa mji huo walikuwa wameanzisha klabu waliyoiita Saint George. Waitaliano walipotawala, klabu ililazimishwa kubadili jina, na mji wenyewe ukagawanywa kwa rangi: mitaa ya Wazungu na mitaa ya wenyeji, michezo ya Wazungu na michezo ya wenyeji. Tessema alijifunza soka katika hali hiyo. Alijua tangu utotoni kwamba kuna kiwanja ambacho unaweza kukiona kwa macho na usiruhusiwe kukikanyaga.

Saint George ndiyo ikawa klabu yake ya maisha. Aliichezea kwa miaka 23, hadi mwaka 1958, na hesabu zinazotajwa ni michezo 365 na mabao 318. Timu ya taifa aliichezea mara 15. Msomaji anayefuatilia soka atajua kwamba mabao 318 si jambo la kubahatisha, hata ukipunguza chumvi ya wanaosimulia.

Waitaliano waliondolewa mwaka 1941. Mwaka 1943 shirikisho la soka la Ethiopia likaundwa, na Tessema, ambaye bado alikuwa mchezaji, akawa miongoni mwa walioliendesha. Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa. Hapa ningependa tutulie kidogo, maana orodha ya timu inaeleza mengi. Zilikuwa tano. Saint George ilikuwa ya Waethiopia. Fortitudo ilikuwa ya Waitaliano waliobaki. Ararat ilikuwa ya Waarmenia, Olympiakos ya Wagiriki, na ya tano ilikuwa timu ya wanajeshi wa Kiingereza waliokuwa wakilifundisha jeshi la Ethiopia. Katika mji mkuu wa nchi huru ya Kiafrika, timu moja tu kati ya tano ilikuwa ya wenye nchi. Na kombe lilichukuliwa na Waingereza.

Mtu mwingine angeweza kudai wageni wafukuzwe. Tessema hakufanya hivyo. Alicheza nao, akajifunza kwao, akawafunga alipoweza. Alichokitaka ni kwamba Mwethiopia asiwe mgeni kwenye meza inayopanga ratiba. Ukiielewa tofauti hiyo utaelewa karibu kila kitu alichokifanya baadaye.

Tarehe 8 Februari 1957, mjini Khartoum, Shirikisho la Soka Afrika, yaani CAF, lilizaliwa. Nchi zilizolianzisha zilikuwa nne: Sudan, Misri, Ethiopia na Afrika Kusini. Tessema alikuwapo kwa niaba ya Ethiopia na alishiriki kuandika katiba. Siku mbili baadaye Kombe la Mataifa ya Afrika la kwanza kabisa likaanza hapohapo Khartoum, lakini kwa nchi tatu tu. Afrika Kusini ilitaka kuleta timu ya Wazungu watupu au timu ya weusi watupu, mojawapo, si mchanganyiko. Wenzake wakakataa. Kwa hiyo uamuzi mzito wa kwanza wa soka la Afrika haukuhusu mabao wala fedha. Ulihusu nani anaruhusiwa kuingia uwanjani na nani. Misri iliifunga Ethiopia mabao 4-0 kwenye fainali, yote ya Ad-Diba, na Tessema akarudi nyumbani bila kombe.

Fainali za pili, Cairo 1959, nazo hazikuwa nzuri kwa Ethiopia: ilifungwa 4-0 na wenyeji, halafu 1-0 na Sudan. Ya tatu ikaja nyumbani kwao.

Januari 1962, Addis Ababa. Timu nne: Ethiopia, Misri iliyokuwa ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, Tunisia, na Uganda, ambayo ilikuwa bado haijapata uhuru wake. Kocha wa Ethiopia aliyeandikwa katika kumbukumbu nyingi za mashindano hayo ni Yidnekatchew Tessema. Kumbukumbu nyingine humweka kando yake mtaalamu kutoka Yugoslavia, Slavko Milošević, na mimi sioni aibu yoyote katika hilo. Mzawa kuongoza benchi hakumaanishi kwamba mgeni asikae kwenye benchi hilo.

Timu yenyewe ilikuwa mchanganyiko. Nahodha alikuwa Luciano Vassallo, mzaliwa wa Asmara, mama Mweritrea, baba askari wa Kiitaliano. Mdogo wake Italo naye alikuwamo. Fikiria: miaka 21 tu baada ya Waitaliano kuondoka, timu ya Mfalme inaongozwa na mtoto wa askari wao. Mengistu Worku, kijana wa Saint George, alikuwa miongoni mwa washambuliaji.

Nusu fainali Ethiopia iliifunga Tunisia 4-2. Tarehe 21 Januari ikakutana na Misri, mabingwa mara mbili, ambao walikuwa hawajawahi kupoteza mchezo katika Kombe hilo. Badawi akaifungia Misri dakika ya 35. Girma Tekle akasawazisha dakika ya 74, uwanja ukalipuka, lakini kabla watu hawajakaa Badawi akafunga tena dakika ya 75. Nahodha Luciano akasawazisha dakika ya 84. Muda wa nyongeza, Italo akafunga dakika ya 101, na dakika ya 117 Mengistu akapigilia msumari wa nne. Ethiopia 4, Misri 2. Haile Selassie mwenyewe akamkabidhi Luciano Vassallo kombe.

Hilo ndilo Kombe la Mataifa pekee ambalo Ethiopia imewahi kulichukua. Miezi mingi haikupita kabla Kwame Nkrumah na watu wake huko Ghana hawajafuata njia hiyohiyo: mwaka 1963 walimpa timu Charles Gyamfi, mzawa, naye akachukua kombe mwaka huo, akalirudia mwaka 1965, na tena mwaka 1982. Kwa hiyo wanaosema kwamba miaka ya mwanzo ya uhuru Afrika haikuwa na makocha wanasema wasichokijua. Walikuwapo, na walishinda. Kilichotokea baadaye ni kwamba viongozi wengi waliacha kuwatazama.

Baada ya kombe hilo Tessema alihama taratibu kutoka kwenye benchi kwenda kwenye meza. Na huko ndiko alikofanya kazi iliyobadilisha soka la dunia.

Kombe la Dunia la 1966 lilipangwa kuchezwa Uingereza na timu 16. Ulaya ilipewa nafasi 10, Amerika ya Kusini 4, Amerika ya Kaskazini na Kati 1. Afrika, Asia na Oceania, mabara matatu kwa pamoja, zilitengewa nafasi moja ya kugombania. Maana yake bingwa wa Afrika, baada ya kuwapiga wote nyumbani, alitakiwa asafiri tena kupigana na bingwa wa Asia. Tessema, pamoja na Ohene Djan wa Ghana, walisimama wakasema hapana. Nchi za Kiafrika zilizokuwa zimejiandikisha zikajitoa zote. FIFA, chini ya rais wake Mwingereza Sir Stanley Rous, ikazitoza faini. Ile nafasi moja ikaenda kwa Korea ya Kaskazini, ambayo ilikwenda Uingereza ikaifunga Italia 1-0.

Hoja ya waliompinga ilikuwa ileile ambayo kijana wa mawese aliitoa pale Magara: mpira hauulizi pasipoti, atakayeingia na aingie kwa uwezo. Jibu la Tessema lilikuwa kwamba uwezo haupimiki kwa mtu ambaye hajaruhusiwa kufika kwenye mizani. Kwanza mpe kiti, kisha umhukumu. Na alishinda. Kuanzia Kombe la Dunia la 1970 huko Mexico, Afrika ikawa na nafasi moja yake yenyewe. Mwaka 1982 zikawa mbili. Mwaka 2022 zilikuwa tano, na kwa Kombe la 2026 Afrika ilitengewa nafasi 9 za moja kwa moja.

Sasa tazama kichekesho kilichofuata. Nafasi ya 1970 ilichukuliwa na Morocco. Kocha wao: Blagoje Vidinić, Myugoslavia. Nafasi ya 1974 ilichukuliwa na Zaire, ng'ambo ya pili ya ziwa hili, ambako usiku mtu wa Magara huona taa za wavuvi wenzake. Kocha wao: Blagoje Vidinić, yuleyule. Kiti ambacho Afrika nzima ilikipigania kwa kususia mashindano, mara mbili mfululizo kilipofika kwenye benchi kilikaliwa na mtu mmoja wa kutoka Ulaya. Vidinić alikuwa kocha hodari, aliyeipa Zaire Kombe la Afrika mwaka huohuo wa 1974. Lakini huko Ujerumani Zaire ilifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, nchi ya kocha mwenyewe, na 3-0 na Brazil. Kipigo cha tisa kilizua minong'ono mingi dhidi ya kocha ambayo haikuthibitishwa, na wazee wa upande huu wa ziwa waliosikiliza redio siku ile bado wanaisimulia.

Mwaka 1978 ilikwenda Tunisia, na kocha Mtunisia, Abdelmajid Chetali. Ikaifunga Mexico 3-1, ushindi wa kwanza wa nchi ya Kiafrika katika Kombe la Dunia. Mwaka 1982 Algeria, ikiwa na Mahieddine Khalef na Rachid Mekhloufi, Waalgeria wote wawili, iliifunga Ujerumani Magharibi 2-1. Haki inanitaka niongeze kwamba Cameroon ya mwaka huohuo, chini ya Mfaransa Jean Vincent, haikufungwa mchezo hata mmoja.

Tessema alichaguliwa rais wa CAF mwaka 1972. Mwaka huohuo Burundi ikajiunga na CAF na FIFA. Mwaka 1972 ni mwaka ambao watu wa Rumonge na Nyanza-Lac hawahitaji kusimuliwa, maumivu yake yamo majumbani hadi leo, na haishangazi kwamba habari ya chama cha soka kupokelewa barani haikubaki katika kumbukumbu ya mtu. Lakini ndivyo ilivyokuwa: tuliingia mlangoni mwaka uleule yeye alipokabidhiwa ufunguo. Mwaka 1975, chini yake, CAF ilianzisha Kombe la Washindi. Ni kombe hilo ambalo Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali yake mwaka 1992, ikafungwa na Africa Sports ya Abidjan. Hakuna klabu ya Burundi iliyofika mbali zaidi ya pale.

Kama rais alikuwa mgumu. Hakuipenda pombe na tumbaku kutangazwa kwenye michezo, hata pale CAF ilipokuwa na njaa ya fedha. Kwa habari ya Afrika Kusini hakulegea hata inchi moja. FIFA iliisimamisha nchi hiyo, ikaiachia mwaka 1963, ikaisimamisha tena mwaka 1964, na viongozi wa Afrika hawakuchoka kubisha hodi. Mwaka 1974 mjini Frankfurt, kura za Afrika zilimsaidia Mbrazili João Havelange kumwangusha Rous kwenye kiti cha urais wa FIFA. Mwaka 1976 mjini Montreal, Afrika Kusini ikafukuzwa kabisa. Alikuwa pia mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu 1971, na huko nako alisema yaleyale.

Nyumbani kwake mambo yalipinduka. Septemba 1974 Mfalme aliyelikabidhi lile kombe la 1962 aling'olewa na wanajeshi. Nahodha Luciano Vassallo baadaye alikimbia nchi akaishi Italia, alikofariki mwaka 2022. Tessema alibaki kwenye kiti chake cha CAF, na mwaka 1976 Kombe la Mataifa likachezwa tena Ethiopia. Morocco ikalichukua, na kocha wao alikuwa Mromania, Virgil Mărdărescu.

Kuna jambo moja ambalo anayemsifu Tessema lazima alitaje, maana linagusa moja kwa moja hoja ya mzee wa Magara. Mwaka 1965 CAF, ambayo yeye alikuwa miongoni mwa nguzo zake, iliweka kanuni kwamba katika Kombe la Mataifa kila timu isiwe na zaidi ya wachezaji wawili wanaocheza nje ya nchi yao. Nia ilikuwa kulinda ligi za nyumbani na kuwapa nafasi wale waliobaki. Kwa miaka 17 kanuni hiyo ilisimama. Ilileta faida: wachezaji wa ndani waliitwa, na viwanja vya nyumbani vilijaa. Lakini pia iliwanyima watu wa Afrika nafasi ya kuwaona wana wao walio bora zaidi wakivaa jezi ya taifa, na kadiri wachezaji walivyozidi kwenda Ulaya ndivyo ilivyozidi kuonekana kama adhabu kwa aliyefanikiwa. Mwaka 1982 ikaondolewa, yeye mwenyewe akiwa rais. Hakuficha kwamba kuondoka kwa wachezaji kulimuuma, aliona ni kama kuuza mbegu. Wazo lake halikufa lote: mashindano ya CHAN, yaliyoanza mwaka 2009, ni ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani tu.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye somo kwa wanaodai sheria ya makocha wazawa. Kanuni inayofungua mlango, kama ile nafasi ya 1970, haikumdhuru mtu. Kanuni inayofunga mlango, kama ile ya wachezaji wawili, ilimdhuru hata yule iliyekusudia kumlinda. Sheria ya kumlazimisha kiongozi amwite mzawa kwenye usaili, amsikilize, asome mpango wake na aandike sababu za kumkataa, ni ya aina ya kwanza. Sheria ya kumkataza asiajiri mgeni ni ya aina ya pili. Na hebu tuwe wakweli: katika nchi nyingi za ukanda wetu usaili wenyewe haupo. Kocha anatangazwa asubuhi, na wazawa wanasoma habari kama sisi.

Kisha, mzawa ni nani? Mwaka 1996 Afrika Kusini, iliyorudishwa kundini miaka minne nyuma, ilichukua Kombe la Mataifa ikiwa na kocha mwenye nchi, na kocha huyo, Clive Barker, alikuwa Mzungu. Etienne Ndayiragije, Mrundi, aliifundisha Taifa Stars ya Tanzania kuanzia 2019 hadi 2021, kabla ya kurudi kuifundisha Intamba mu Rugamba. Je, alipokuwa Dar es Salaam alikuwa mgeni? Kwa karatasi, ndiyo. Lakini Tessema aliyakataa mambo ya kuikata Afrika vipande. Aliposimama mbele ya mkutano wa CAF mjini Cairo mwezi Machi 1986, tayari akiwa mgonjwa, katika hotuba ambayo wengi waliichukua kama ya kuaga, alisisitiza umoja wa bara na kukataa watu kubaguliwa kwa dini, lugha au rangi. Aliyempa unahodha Luciano Vassallo hakuhitaji kukumbushwa kwamba mzawa si damu peke yake.

Sisi wenyewe tumeyaona yote mawili. Tarehe 23 Machi 2019 Bujumbura, Burundi ilitoka sare 1-1 na Gabon na kufuzu Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kwenye benchi alikuwa Olivier Niyungeko, Mrundi. Makocha wa kigeni waliomtangulia hawakuwahi kutufikisha huko. Huko Misri, Niyungeko huyohuyo alipoteza michezo yote mitatu, 1-0 kwa Nigeria, 1-0 kwa Madagascar na 2-0 kwa Guinea, na timu haikufunga bao. Mzawa si mganga. Ila ukimhukumu kwa michezo mitatu ya Misri, umhukumu pia kwa safari iliyomfikisha pale.

Ethiopia nayo inasema kitu. Iliporudi kwenye fainali mwaka 1982, kocha alikuwa Mengistu Worku, yule mfungaji wa dakika ya 117. Ilikaa nje miaka 31, ikarudi mwaka 2013 chini ya Sewnet Bishaw. Ilirudi tena Januari 2022 nchini Cameroon chini ya Wubetu Abate. Wote watatu ni Waethiopia.

Yidnekatchew Tessema alifariki tarehe 19 Agosti 1987, akiwa bado rais wa CAF, miaka 15 kwenye kiti hicho. Zilikuwa zimebaki wiki tatu atimize miaka 66. Baada ya kipindi kifupi cha mpito, nafasi yake ilichukuliwa mwaka 1988 na Issa Hayatou wa Cameroon, aliyekaa hadi 2017.

Kombe la Mataifa la kwanza bila yeye lilichezwa Morocco mwezi Machi 1988. Fainali, Cameroon iliifunga Nigeria 1-0. Kwenye benchi la Cameroon alikaa Mfaransa, Claude Le Roy. Kwenye benchi la Nigeria, Mjerumani, Manfred Höner. Ilibidi kusubiri sana kabla Kombe la Dunia halijaona jambo ambalo angelifurahia: mwaka 2022 huko Qatar, timu zote tano za Afrika, Senegal, Morocco, Cameroon, Ghana na Tunisia, ziliongozwa na wana wa nchi hizo, na Walid Regragui akaifikisha Morocco nusu fainali.

Niliwasimulia haya pale Magara kwa ufupi, giza likiingia na mitumbwi ikiwashwa taa. Mzee wa wavu alitaka arudiwe jina mara mbili ili alishike. Kijana wa mawese akauliza Tessema alifunga mabao mangapi. Nilipomwambia 318, akanyamaza kidogo, kisha akasema mtu kama huyo angempa timu hata angekuwa ametoka mwezini.